Dau la dila (mgawa karata) kwenye kasino: mteja akishinda na mgawa karata anashinda. Hii ni bakshishi au ni mchango kwa mwenye kasino?

Fundi_Karata (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wikiendi.

Nipo Las Vegas, kazi yangu ni kugawa karata, siku nyingine napangwa meza ya dadu. Wabongo na Wakenya hawakosi kupita huku, hasa misimu ya makongamano, na wakishajua mimi ni wa kwetu swali huwa lilelile: "Kaka, mbona jamaa pale anaweka chipu mbili? Moja yake, ile nyingine ya nani?"

Ile nyingine ni yangu. Yaani ni yangu ikishinda.

Ngoja niwaonyeshe inavyokwenda. Meza ya blekijeki, mchezo wa kukaribia 21 bila kuipita, mteja ameweka chipu ya kijani, $25, ndani ya duara. Mbele ya duara, upande ninaosimama mimi, anasogeza chipu nyekundu ya $5 na kusema "hiyo ya dila". Namgawia 10 na 9. Mimi naonyesha 6, nafunua ya chini inatoka bibi wa kopa, jumla 16. Sheria inanilazimisha kuvuta. Navuta 8, nimepita 21, yaani nimepasuka. Namlipa $25 yake kwanza. Kisha naiwekea ile nyekundu nyekundu mwenzake, nazichukua zote mbili, nazigonga ukingoni mwa trei ili bosi wa meza asikie na kamera ya darini ione, zinaingia kwenye boksi la bakshishi. Kwa hiyo $5 yake imetuletea $10.

Ningevuta 5 nikafika 21? Naikusanya ile nyekundu pamoja na kijani chake, zote zinarudi kwenye trei ya kasino. Sisi hatupati hata senti.

Hapo ndipo wengi hawapaoni. Ukinipa $5 mkononi (mkononi ni namna ya kusema, sisi haturuhusiwi kupokea mkono kwa mkono, unaiweka mezani), imefika. Ukiniwekea dau, pesa hiyo inapita kwanza mlangoni kwa mwenye kasino, naye ana haki ya kuibakiza. Kwenye blekijeki, ukihesabu mikono 100 ya mtu anayejua kucheza, anashinda kama 42 au 43, anapoteza 49, iliyobaki ni sare. Wingi wa mikono inayopotea unapunguzwa makali na blekijeki yenyewe (ree na karata ya 10), ambayo meza nzuri inalipa 3 kwa 2, na ule uhuru wa mteja kudabo, yaani kuzidisha dau mara mbili, na kugawanya karata mbili zinazolingana kuwa mikono miwili. Lakini dau dogo la dila mara nyingi halidabo. Ukidabo la kwako, la kwangu linabaki palepale mpaka uongeze mwenyewe.

Kuna namna ya pili wajanja wanaipenda: usiiweke nje ya duara, iweke juu ya chipu zako mwenyewe ndani ya duara, halafu sema "ya juu ni ya dila". Tofauti ni kubwa. Ikiwa nje, kasino nyingi zinanilazimisha niichukue yote ikishinda, dau na faida, siruhusiwi kuiacha iendelee. Ikiwa juu ya zako, ni mali yako. Ikishinda unanipa ile $5 ya faida, na ile ya mwanzo unaiacha ipande tena mkono unaofuata. Meza ikikukubali, chipu moja inaweza kunilisha mikono minne mfululizo.

Nawasilisha. Maswali karibuni.

Chalii_wa_Chuga

Mkuu umefunguka vizuri. Sasa niambie ukweli usinifiche, nikikuwekea dau si na wewe unaomba nishinde? Basi utanipa karata kali. Hapo sijanunua bahati kiulaini?

Fundi_Karata

Chalii, nikikuwekea roho yangu yote bado karata zinatoka kwenye kisanduku kwa mpangilio uleule. Blekijeki mgawa hana uamuzi: chini ya 17 navuta, 17 nasimama, na kama meza inataka nivute 17 laini, yaani ile yenye ree inayohesabiwa 11, imeandikwa kitambaani kabla hujakaa. Hata nikitaka kukusaidia sina mahali pa kupenyeza mkono.

Na mgawa akipatikana ana mahali pa kupenyeza mkono, huyo si rafiki yako tena, ni mshtakiwa mwenzako. Nevada udanganyifu kwenye mchezo ni kosa kubwa la jinai, linakula wote wawili.

Unachonunua ni vitu vidogo. Nitakuchangamkia. Nitakukumbusha kwamba 18 laini dhidi ya 9 yangu watu wengi wanaivuta. Nitapunguza mwendo ukiwa unafikiri. Na usidharau hilo la mwendo: mikono michache kwa saa ni hasara ndogo kwako, mgawa mwenye hasira anakutandika mikono 100 kwa saa bila kupumua.

Ustadh_Tandale

Kamari haramu. Bakshishi ya kamari haramu. Na dau la bakshishi ni haramu juu ya haramu. Ndugu zangu mnajadili namna ya kuigawa.

Fundi_Karata

Shehe nimekusikia na sibishani nawe. Wanaokuja mezani wameshaamua, mimi nawaeleza tu pesa yao inaelekea wapi.

Hesabu_Tupu

Nimependa uzi, ila naona mnaliongelea dau la dila kama zawadi wakati ni gharama ya mteja. Tuweke namba.

Mteja anacheza $25 kwa mkono, mikono 80 kwa saa, meza nzuri anayopoteza nusu asilimia. 80 mara 25 ni $2,000 zimezunguka mezani. Nusu asilimia yake ni $10. Hiyo ndiyo bei ya saa moja ya burudani yake kwa wastani. Sasa akimwekea dila $5 mara mbili tu katika saa hiyo, $10 nyingine imeondoka mfukoni mwake, maana dau la dila lishinde lisishinde kwake limeshatoka. Gharama ya saa imeruka mara mbili kutoka $10 hadi $20, naye anaona ametoa vijisenti tu.

Wale wanaohesabu karata zilizokwishatoka ili wajue lini waongeze dau ndiyo kabisa. Faida yao ikiwa asilimia moja kwenye madau ya $50, ni $40 kwa saa. Nyekundu moja kila dakika 10 inakula $30 kati ya hizo. Ndiyo maana wahesabuji wana sifa ya mkono mgumu, na mkono mgumu wao ndio unaowaumbua kwa mabosi.

Fundi, swali: meza ya dadu nako vipi? Nasikia huko ndiko madau ya dila yamejaa.

Fundi_Karata

Krepsi, yaani hiyo meza ya dadu, ndiyo nyumbani kwake. Meza moja ina watu wanne wa kasino: wawili wanaolipa pande mbili, mmoja wa kati mwenye fimbo ndefu anayeita matokeo, na mmoja aliyekaa katikati analinda chipu. Huyo aliyekaa ni msimamizi, hagusi bakshishi. Watatu waliosimama ndio mnaotuwekea.

Lugha ya pale ni "njia mbili". Mteja anarusha chipu mbili za $1 katikati ya meza: "njia mbili nane ngumu!" Maana yake dola moja yake, dola moja yetu, kwamba 8 itakuja kwa 4 na 4 kabla ya 7 au 8 ya aina nyingine. Ikija inalipa 9 kwa 1. Au "njia mbili kumi na moja", ya mrusho mmoja tu, inalipa 15 kwa 1. Ikitokea hiyo meza nzima inapiga kelele, sisi tukiwa wa kwanza. Kelele hiyo haina unafiki, nawahakikishia.

Lakini tazama bei. Nane ngumu: njia ya kushinda ni moja, za kupoteza ni 10, unalipwa 9. Kasino inabakiza zaidi kidogo ya 9%. Kumi na moja: njia 2 kati ya 36, kulipwa 15, kasino inabakiza 11%. Ukiweka $5 hiyohiyo kwenye mstari wa kupita, dau la msingi la krepsi, kasino inabakiza 1.41%. Yaani kati ya kila $5 mnayotuwekea, kwa wastani inayotufikia ni $4.93 ukipita mstarini, $4.55 kwenye nane ngumu, $4.44 kwenye kumi na moja. Na watu wanatuwekea wapi? Kumi na moja! Kwa sababu inapendeza kuitamka.

Kama unatujali kweli, weka mstarini, na namba ikishasimama (ile inayotakiwa kurudi kabla ya 7) weka nyongeza ya nyuma, dau la ziada nyuma ya lile la mstarini, kwa ajili yetu. Ile nyongeza inalipwa kwa uwiano wake halisi, kasino haibakizi kitu. Ni dau pekee pale ambalo mwenye nyumba hana fungu lake. Wateja wanaolijua hilo na bado wakatuwekea sisi ni wachache, tunawajua kwa sura.

Dada_wa_Posta

Mimi nimefanya kazi hii Dar, sitaji wapi. Boksi lilikuwa la pamoja. Mteja anakufurahia wewe, anakutupia chipu, mwisho wa mwezi mnagawana na yule aliyekuwa meza tupu anatazama saa. Huko kwenu vipi? Anachokuwekea mteja unakibeba wewe?

Fundi_Karata

Dada, sehemu nyingi ni hivyohivyo, chungu kimoja. Hapa kawaida chipu za saa 24 zinahesabiwa na kamati ya wagawa wenyewe, zinagawanywa kwa saa mlizofanya kazi, zinakuja kwenye hundi ya mshahara zikiwa zimeshakatwa kodi. Kasino ndogo chache zina utaratibu wa kila mtu na chake. Kwa hiyo mteja anayesema "hii ya kwako peke yako mrembo" anajifurahisha.

Na hili la chungu ndilo lililoleta kesi kubwa hapa mjini. Mwaka 2006 kasino ya Wynn Las Vegas walibadili utaratibu, wasimamizi wa meza nao wakaingizwa kwenye mgao. Hoja ya Steve Wynn, bosi wa kasino hiyo, ilikuwa kwamba wagawa wanapata kuliko wanaowasimamia, kwa hiyo hakuna anayetaka kupanda cheo. Hoja ina ukweli ndani yake, lakini suluhisho lingetoka mfukoni mwake, si kwenye boksi letu. Mwaka 2007 wagawa wa pale wakapiga kura kujiunga na chama cha Transport Workers Union. Kesi zikazunguka miaka, Mahakama ya Juu ya Nevada mwaka 2013 ikawa upande wa kasino. Mwisho Bunge la Marekani likabadili sheria ya kazi Machi 2018: mwajiri, meneja na msimamizi hawaruhusiwi kubakiza bakshishi ya wafanyakazi.

Sasa rudi kwenye dau la dila ulitazame kwa jicho hilo. Sheria inamkataza mwajiri kuchukua bakshishi yangu. Lakini mteja akiiweka kama dau na karata zikakataa, mwajiri ameichukua kihalali mbele ya macho yangu, mimi ndiye niliyemsogezea kwa mkono wangu. Kwa sababu kabla haijashinda haikuwa bakshishi, ilikuwa dau la mteja.

Mjaluo_Mtulivu

Wacha niulize kama mkaguzi wa hesabu. Hiyo ya kushinda kwa dau, KRA ya Marekani, yaani watoza kodi wao, inaiita nini? Ushindi wa kamari, zawadi au mapato ya kazi? Manake hapo kuna mwanya mzuri sana.

Fundi_Karata

Mkuu, mwanya huo ulishajaribiwa. Kuna mgawa wa krepsi, Olk, alifanya kazi Horseshoe na Sahara hapa Las Vegas. Alidai pesa hizi ni zawadi: mteja hakulazimishwa, na mgawa hamhudumii yeyote zaidi ya mwenzake. Mahakama ya mwanzo ikamkubalia. Mwaka 1976 mahakama ya rufaa ikamgeuzia. Katika maelezo ya kesi ilionekana wanaotoa ni kati ya 5% na 10% tu ya wateja, na majaji wakasema wanaotoa hawatoi kwa mapenzi matupu, ni sadaka kwa miungu ya bahati, wanatarajia irudi upesi na kwa wingi. Kwa hiyo ni mapato, kodi inahusika.

Tangu hapo hakuna ubishi. Kilichobadilika ni mwaka 2025: sheria ya Julai imeruhusu wapokea bakshishi kupunguza hadi $25,000 kwenye mapato yanayotozwa kodi ya serikali kuu, kwa miaka ya 2025 hadi 2028, na wagawa kwenye kasino wamo kwenye orodha. Makato ya hifadhi ya jamii yanabaki palepale.

Mtoto_wa_Ilford

Huku Uingereza wazee wa kazi wanasimulia enzi ambazo kumpa dila hata pauni moja ilikuwa marufuku. Sheria mpya ya kamari ya 2005 ndiyo ilifungua mlango. Australia mpaka leo wagawa hawapokei. Mshahara wa kueleweka, basi.

Hesabu_Tupu

Na Ufaransa ni upande wa pili kabisa. Ruleti, desturi ya zamani: ukipata namba kamili unalipwa 35 kwa 1, unamwachia mgawa chipu moja "kwa wafanyakazi". Uungwana mtupu, sivyo? Ila gurudumu lina sufuri moja, kasino inabakiza 2.7%. Ukiacha chipu moja kila unaposhinda, unalipwa 34 badala ya 35, na kinachokutoka kinakuwa 5.4%. Mara mbili kamili. Angalau hapo unatoa baada ya kushinda, na yote inafika.

Chalii_wa_Chuga

Sasa mbona mimi naona hesabu zenu zinakosa kitu? Mtu hakai mezani kufanya hesabu. Nikimpa dila $5 kavu, imeisha, asante, kwaheri. Nikimwekea dau tunakuwa timu moja, tunaomba 21 wote, raha yenyewe hiyo! Na dila akipata $10 badala ya $5 si kafaidi?

Fundi_Karata

Chalii, hapo una hoja na sitaikwepa. Kuna watu hawatoi kabisa bakshishi kavu ila dau la dila wanaweka, kwa sababu ya hiyo raha. Kwa mtu wa namna hiyo mimi nachagua dau asubuhi na jioni, hata ikifika pungufu ya $5 kwa wastani ni bora kuliko sifuri. Na meza yenye dau la dila inakuwa changamfu, wengine wanaiga. Mteja mmoja akiweka nyekundu mbele ya duara, baada ya dakika chache jirani yake naye anauliza inavyofanyika.

Ninachokikataa ni yule anayeniwekea kwenye dau la pembeni akidhani ndiyo amenipenda zaidi. Dau la 21+3, lile la karata zako mbili pamoja na ya kwangu iliyo wazi kutengeneza mkono wa poka, kwa malipo ya 9 kwa 1 na deki sita, kasino inabakiza 3.2%. Hilo ni la wastani, kuna mengine yanavuka 10%. Anayenikatia bima dau langu ninapoonyesha ree (kubashiri kwamba nina blekijeki), hapo ametoa 7.4% kwa kasino kwa jina langu. Kila ukisogea pembeni ya meza, fungu la mwenye nyumba linanona.

Dada_wa_Posta

Kuna ile ya mtu kushinda kwa mkono wa mwenzake, nimeiona kwenye Pai Gow, ile aina ya poka. Hiyo nayo dila anaingia?

Fundi_Karata

Hiyo ni bonasi ya wivu. Ukiweka dau la pembeni la $5 na kuendelea, jirani yako akipata mkono mkubwa, mfano nne za aina moja, na wewe unalipwa kiasi fulani kwa mkono wake. Kuna wateja wanatuwekea $5 hapo ili ikitokea kitu kikubwa na sisi tupate. Inategemea kasino kama inaruhusu dau la dila kuhesabika kwenye bonasi hiyo, uliza kabla hujaweka. Usiulize baada ya karata kufunguliwa. Nimeona ugomvi mkubwa kwa sababu ya hilo, mteja akibishana na bosi wa meza kwa niaba yetu, sisi tumesimama kimya mikono wazi juu ya kitambaa kwa sababu haturuhusiwi kusema neno.

Mjaluo_Mtulivu

Niko huko mwezi ujao kwa mkutano. Nipe tu la kufanya nikifika mezani, nisionekane mshamba.

Fundi_Karata

Karibu sana mkuu. Tafuta meza inayolipa 3 kwa 2, ukiona 6 kwa 5 pita. Chipu ndogo waombe mapema ("nipe nyekundu") wakati unabadilisha pesa, usingoje. Ukitaka kuweka dau la dila, iweke juu ya za kwako na useme kwa sauti kabla karata ya kwanza haijatoka, ili kamera na bosi wajue ipi ni ya nani. Usiguse chipu yoyote baada ya hapo. Ukishinda, nisogezee faida, iliyobaki iache au iondoe, ni yako. Na ukiwa unaondoka na umefurahi, weka moja kavu mezani, sema ni ya wagawa. Hiyo hainihitaji nivute karata.